Mizani ya Kahawa

Jumatatu ile mizani ililetwa kwa toroli
kutoka ghala la ushirika, nyuma ya stesheni ya reli ya Moshi,
mizani iliyopima kahawa tangu kabla sijazaliwa;
vumbi la maganda bado limo viungoni mwake,
na sindano yake hutetemeka kabla ya kusema.

Agizo lilikuwa: apimwe kila mtoto, la kwanza hadi la saba,
na mimi, mwalimu wa Kiswahili, nishike daftari
kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka.

Wakapanda mmoja mmoja, viatu mkononi.
Akaja Ndelilio wa la nne B,
shati limembana, vifungo viwili vimekata tamaa.
Sindano ikaenda, ikaenda,
na sauti kwenye mstari ikasema, "Gunia!"
Mstari mzima ukacheka.
Hakulia. Alishuka taratibu,
kama mtu anayetoka kitandani usiku asiamshe wenzake,
akavaa viatu, cha kulia kushoto.

Nikaandika: hamsini na nne.

Mama yake namjua, tunanunua ndizi kwa mtu mmoja pale Mbuyuni.
"Mwanangu amenona, namshukuru Mungu," aliniambia,
nami sikuwa na la kujibu.
Yeye alikua kwa uji wa chumvi,
akaapa mwanawe hatahesabu mbavu zake mwenyewe.
Nani amwambie kiapo kimevuka mpaka?

Usiku nikaanza kupima vingine.
Basi la njano humchukua mlangoni saa kumi na moja na nusu alfajiri,
humrudisha mlangoni magharibi.
Kati ya milango hiyo miwili, viti:
kiti cha basi, kiti cha darasa, kiti cha masomo ya ziada.
Kipindi cha michezo kipo kwenye ratiba,
kwa wino wa kijani, Alhamisi saa nane,
na kila Alhamisi saa nane tunafanya hesabu.
Uwanja? Mabasi manne yanalala pale goli lilipokuwa.
Mwamba wa goli tunaanikia matambara ya kudekia.
Bomba limekauka tangu Pasaka,
na mlima mzima wa maji umetuinamia,
ila duka, ubavuni mwa ofisi, halijawahi kukauka:
soda zake ndizo zinazolipa umeme wetu.

Kesho yake, kipindi cha ushairi, nikaandika ubaoni:

Wanangu hawana kosa, kosa letu darasani,
Kengele tumeinasa, hailii uwanjani,
Duka tumelitakasa, soda tele kabatini,
Nani apande mizani, mtoto au fulani?

Wakahesabu kwa vidole. Nane, nane. Imetimia.
"Mwalimu, fulani ni nani?" akauliza Aikande.
Nikasema: hiyo ni kazi ya nyumbani.

Mwalimu mkuu, Bwana Kileo, alipita dirishani,
akasoma, akarudia.
Hakufuta. Hakusema.
Alasiri nilimwona uani, peke yake, mbele ya mizani.
Akatazama huku na huku.
Akavua viatu.

Sijui sindano ilimwambia nini.
Alhamisi saa nane basi moja lilisogezwa.
Moja tu.
Pakabaki doa la oili na ardhi ya upana wa chumba,
na wasichana wa la nne B wakachora mistari ya rede kwa kisigino.
Ndelilio akaingia kati.
Mpira wa soksi ulimtafuta, akaukwepa,
ukamtafuta tena, akaukwepa,
mara ya tatu ukamlamba mgongoni, pwa!
Akahema, mikono magotini,
kisha akadai haukumgusa.
Wakabishana mpaka kengele.

Duka bado liko wazi. Umeme bado una deni.
Mabasi matatu hayajasogea.
Mizani inarudi ghalani kesho, msimu umekaribia,
na mimi katika daftari, kando ya hamsini na nne,
nimeongeza kwa penseli, mwandiko mbaya:
alikwepa mara mbili.